Winchi ya Tausi

Mwatumu ndiye aliyemfundisha mdogo wake, Tausi, kuunga nyaya. Leo ukumbi mzima ulimshangilia Tausi kwa winchi yake ndogo: saa iliyotegwa iliiwasha yenyewe, mota ikainua mzigo, na mzigo ulipofika juu, swichi ya huko ikaisimamisha. Mwatumu alipiga makofi na wenzake huku wivu ukimkereketa maini. Tausi alipogeuka kuwasalimu wageni, Mwatumu akauchomoa waya wa ile swichi.

“Dada, sogea karibu,” Tausi akaita. “Nimewaambia fundi ni wewe, mimi mwanafunzi wako tu. Sasa iwashe wewe, kwa mkono.”

Watu wakampisha. Mwatumu akabonyeza kitufe cha kuwashia. Mzigo ukapanda taratibu, ukafika juu, na kamba ikazidi kukaza.