Picha ya Jumapili

Gazeti lilikuwa wazi mezani, kando ya mkate na jamu ya machungwa. Kwenye ukurasa wa kwanza Rosalind alijiona akimlilia farasi wake kwenye bustani ya kasri, Jumapili ile walipokunywa chai wenyewe tu.

"Ni yaya aliyewauzia picha," alisema baba yake, mfalme. "Kumbe tunafuga nyoka. Leo hii afungashe virago."

"Mimi nilisema zamani," malkia alijibu, akipaka mkate siagi. "Mkawa mnanicheka."

Rosalind aliinamia picha. Baba alikuwemo. Kaka alikuwemo, na bibi na kijibwa chake. Nyuma ya mawaridi, nusu amefichika, alikuwemo yaya mwenyewe, mikono yote miwili imeshika sinia.

Chini kabisa, mbele ya aliyepiga picha, kulikuwa na kikombe chenye alama ya rangi ya mdomo.

Alipoinua macho, mama yake alikuwa akimtazama.

"Kunywa chai, mwanangu. Inapoa."

Mlango ulifunguka, yaya akaingia na birika, hana habari.

Rosalind alilisukuma gazeti mbele ya mfalme.

"Baba, hebu tuhesabu wote. Nani hayumo?"