Chini ya Goli la Kaskazini

Siku ya kung'oa magoli ya uwanja ule mkongwe, Bi Mwanahawa alifika mapema, kanga zake zimepigwa pasi, akasimama kando ya goli la kaskazini. Marehemu mumewe, Kheri, ndiye aliyekuwa kipa wa timu ya mji. Walipokosa kupanda daraja kwa bao moja lililompita katikati ya miguu, watu walisema mkewe kahongwa na wapinzani, kafukia hirizi chini ya mlingoti. Tangu hapo, iwe msiba iwe harusi, hakuna aliyegusa chakula alichopika.

"Chimbeni mpaka chini kabisa, wanangu," aliwaambia mafundi. "Leo na waone."

Watu wakajaa. Mlingoti uling'oka na zege lake, likabaki shimo: udongo mwekundu, kokoto, mizizi ya nyasi, basi.

"Haya, hirizi iko wapi?"

Mzee Shomvi, aliyekuwa akiwapigia mashabiki ngoma enzi hizo, akakohoa. "Mvua zote hizi, dada yangu? Itakuwa imeoza."

"Au kaja kuitoa mwenyewe!" akadakia mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni, na watu wakacheka.

Bi Mwanahawa alisogea ukingoni mwa shimo. Alipiga magoti, akazamisha mkono shimoni hadi kwenye kiwiko, akapekua udongo taratibu kama mtu anayechagua mchele. Kisha akainuka, akawakunjulia kiganja kitupu.

Wote wakarudi nyuma. Yule mwanamke akavuta upande wa kanga, akamfunika mtoto wake uso.