Dhamana ya Punda wa Zamda

Punda wa Zamda alikuwa chali katikati ya njia, miguu juu, na Ghalibu hakuwa na ruhusa ya kumpita.

Ndivyo yalivyokuwa masharti ya mbio za Saba Saba, kutoka Urambo hadi Kwihara kwa njia ya zamani ya misafara. Mnyama akianguka porini, dhamana ni ya anayemfikia kwanza. "Ujamaa ni pamoja na punda," alisema mwenyekiti wa mbio. Ukimwacha, umetolewa.

"Tumbo!" alilia Zamda, kichwa cha punda kikiwa mapajani. "Ghalibu, Malkia wangu anakufa!"

Ghalibu aliruka chini kutoka juu ya punda wake, moyo ukimdunda kuliko kwato. Tabora nzima ilikijua kiapo cha Zamda: hataolewa na mwanamume asiyemshinda mbio. Amewashinda wote, na Ghalibu mwenyewe ameshindwa naye mara mbili. Baba yake Ghalibu naye amechoka: kijana akishindwa tena leo, atamwoa binti ami yake, apende asipende.

Alimpapasa punda. "Mbona tumbo laini?"

"Ugonjwa wa ndani huo, bwana wee! Umekuwa daktari lini?" Zamda alijifuta macho makavu. "Bwana mifugo yuko Kwihara, penye kamba ya mwisho. Nipe punda wako nikamwite!"

"Nikupe punda wangu? Si utafika kwanza!"

"Basi mwache afe. Utawaambia ulikuwa na haraka."

Ghalibu alimtazama Malkia. Malkia akafumba jicho moja na kukoroma kwa uchungu. Nani angevumilia? Akamkabidhi Zamda hatamu.

Binti alipanda, akatimua vumbi huku akipiga vigelegele. Vigelegele, jamani, na mgonjwa yuko chini!

Alipopotea tu nyuma ya miombo, Malkia alisimama, akajikung'uta, akaanza kutafuna majani.

"Nimechezwa shere!" Ghalibu alinguruma.

Alifika Kwihara akimkokota Malkia, povu likimtoka yeye, si punda. Ngoma zilikuwa zinarindima. Ng'ambo ya kamba, juu ya punda wa Ghalibu, Zamda alikaa akijipepea kwa ncha ya kanga.

"Mlaghai!" Ghalibu alipaza sauti. "Punda wake mzima! Amenihadaa nikampa wangu, akashinda!"

Ngoma zikanyamaza. Mzee Abasi, baba yake Zamda na mwamuzi wa mbio, akamkazia macho.

"Kwenu hawaamkii, kijana?"

"Shikamoo, Mzee Abasi."

"Marahaba. Sasa, nani kakwambia Zamda ameshinda?"

"Si yeye aliyefika kwanza?"

"Tangu enzi za misafara, hapa hushindana punda, mwanangu, si makalio yaliyompanda. Punda wa nani amevuka kamba?"

Ghalibu aligeuka, akamtazama punda wake ng'ambo ya kamba.

Zamda aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika, watu wasijue kama analia au anacheka. "Nimeshindwa, baba," alisema. "Kiapo ni kiapo."

Nyuma yake, mkekani, shehe aliyealikwa tangu juzi kuja kufungisha ndoa alikuwa anamalizia sahani ya pili ya pilau.