Jina la Mtandao wa Bi Zaituni

Fundi alipomaliza kupitisha waya dirishani, kiboksi kikawasha taa zake za kijani. "Mtandao wako tuupe jina gani, bibi? Majirani wote wataliona kwenye simu zao."

"Wote?" Bi Zaituni akakaa kitako. "Hata huyu wa ukuta wa pili?"

"Hata yeye."

Mwaka mzima Bi Zaituni alikuwa akisimama kibarazani kwa jirani huyo, Bi Saumu, akiomba intaneti amwone mjukuu wake aliye ng'ambo, na kila mara mtoto alipoanza kucheka, Bi Saumu alikizima kiboksi chake. "Umeme unakwisha, shoga!" Basi leo Bi Zaituni alitafuta maneno kama anayechagua kanga ya kumpitishia mke mwenza mlangoni.

"Andika: CHANGU KINAWAKA ZIMA UKIWEZA."

Fundi akaangua kicheko, akaandika.

Mjukuu akatokea simuni na meno yake mawili, akacheka mpaka akapata kwikwi, wala hakuna aliyemkata. Bi Zaituni akamsogeza, simu na yote, dirishani. Upande wa pili wa ukuta, Bi Saumu alikuwa ameisogeza simu yake kwenye miwani, midomo ikitembea polepole, herufi moja baada ya nyingine.