Magoti ya Ngiri

Wanyama walipolima viazi pamoja kwa mara ya kwanza, walikubaliana asionje yeyote kabla ya siku ya kuvuna. Ngiri tumbo lilimshinda. Alfajiri akanyemelea shambani, akapiga magoti ili mdomo ufike chini, huku akimnung'unikia Mungu, kama kawaida yake, kwa kumpa shingo fupi.

Kanga akamwona, akapiga kelele: “Amkeni! Sisi tunakoroma, mwenzetu anamshukuru Mungu kwa mavuno!”

Wanyama wakaja mbio, wakaona aibu, nao wakapiga magoti nyuma yake. Ngiri, kiazi kimemkwama kooni, akatokwa na machozi.

“Maskini wa Mungu, mpaka analia!” akasema Kanga. “Kila mavuno tufanye hivi, na Ngiri atuongoze.”

“Na kiongozi ale wa mwisho,” akaongeza Kobe. “Ndiyo adabu.”

Sikukuu ya mavuno ikaanza hivyo. Ngiri akakimeza kiazi chake, akajicheka kimoyomoyo: mwizi mzima, leo mcha Mungu! Kisha, kwa mara ya kwanza maishani, akaomba kwa dhati: “Mola wangu, ahsante kwa shingo hii. Ungenipa ndefu, wangenikuta nimesimama.”