Nyumba ni Tupu

Tangu sheria iseme kwamba nyumba unayofanyia kazi nayo ni ofisi, king'ora cha kampuni kilikuwa kikilia hadi jikoni kwa Sikudhani, aliyekuwa akipokea simu za wateja nyumbani. Siku hiyo kilimkuta anaepua maharage. Alizima jiko, akavaa kizibao cha manjano, akatoka kusimama kwenye alama uani, kama mpango wa dharura ulivyoagiza.

"Mfanyakazi mmoja ametoka," ilisema sauti ukutani. "Nyumba ni tupu."

Mlango ukajifunga, ili moto usipate hewa.

Mama yake, ambaye miguu ilishamkatalia, aliinua kichwa kitandani, akachungulia kati ya nondo za dirisha.

"Siku, mwanangu, leo ni kweli au mazoezi?"

"Mazoezi tu, mama. Watafungua sasa hivi."

"Na mimi hukuwaambia wanihesabu?"

"Niliwaambia. Wamesema mpango ni wa wafanyakazi."

Mama aliutazama mlango.

"Basi waulize, mwanangu, kama hawana kazi yoyote ya mtu aliyelala."