Yule Mpole

"Nimekuja kumchukua yule mpole," mume wa Fortunata alisema hata kabla ya kuketi. "Mtoto wa kule Magomeni anataka wa kuchezea."

Fortunata aliyatazama masanduku mawili ya kioo, kila moja na chatu wake mdogo. Tangu mume ahamie Magomeni kwa mwanamke mwingine mwenye mtoto, yeye ndiye aliyebaki kuwalisha chumbani kwao Kariakoo. Yule mkali alikuwa amemzoea, siku hizi analala mapajani mwake. Yule mpole ndiye aliyegeuka. Labda alikosa mikono ya bwana wake. Ukimgusa tu, anaruka na meno.

"Mchukue yule mwingine," alimwambia. "Huyu amebadilika."

Mume akacheka. "Ili aning'ate? Roho yako naijua. Hawa nimewalea mimi."

Akalifunika sanduku la yule mpole kwa shuka, akalibeba taratibu kama mtu aliyebeba keki ya harusi.

Chini ya khanga, mkono wa kulia wa Fortunata ulikuwa bado umevimba pale alipong'atwa juzi. Angeutoa, mume angeamini.

Akauacha hukohuko, akamfungulia mlango kwa mkono wa kushoto.